Kitu Namba Moja cha Nyumba ya Mizani

Nyumba ya Mizani
9 Februari

Mpwa wangu mpenzi, binti wa dada yangu wa pekee,

Marahaba kabla hujaniamkia. Najua ungeanza na shikamoo, nami nimeamua kukupunguzia kazi.

Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu, na amenisimamia hapa mgongoni niandike kwamba goti langu linauma. Haliumi, linapumzika. Mahindi mwaka huu yamekua mpaka jirani amepotea ndani ya shamba lake mwenyewe, tukampata siku ya pili kwa kupiga debe. Usicheke. Waulize waliopiga debe.

Utajiuliza kwa nini sipigi simu. Simu ni ya watu wenye maneno mafupi. Mimi niliacha shule darasa la sita kwa hiari yangu, darasa la saba likabaki linaningoja hadi leo, lakini kalamu haijawahi kuniangusha.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Imekuja barua kutoka ofisi kubwa, ina muhuri mpana kama kisahani cha chai. Wanasema makumbusho yetu, hii nyumba ya mizani ya kile kiwanda cha pamba kilichofungwa, ambayo mimi mjomba wako niliianzisha kwa mikono hii miwili miaka ishirini na saba iliyopita, haimo kwenye rejesta yao. Kila kitu tulichonacho lazima kijaziwe fomu: kilitumika kwa kazi gani, na nani, na mashahidi wawili waweke sahihi. Mwisho ni tarehe thelathini na moja Oktoba. Tukishindwa, nyumba inapewa mfanyabiashara aweke saruji yake humu. Saruji, mpwa wangu! Alishakuja kupima milango kwa futi, huku ananisalimia.

Tumeshika kazi wote watano tunaojitolea: mimi, Muuguzi Mstaafu, Fundi Baiskeli, Fundi Cherehani, na Mwalimu, ambaye kazi yake hasa ni kunisahihisha. Vitu ni mia nne na kumi na viwili. Nina hakika vyote tutavimaliza isipokuwa kimoja, na balaa ni kwamba hicho ndicho namba moja. Bila namba moja, wamesema, rejesta nzima haipokelewi.

Namba moja, kama unavyojua, ni ule mchi. Kadi yake niliiandika mwenyewe na kuipigilia misumari minne: MCHI ULIOMSHINDA CHUI. CHUI HUYO ALIINGIA JIKONI MCHANA KWEUPE AKAKUTANA NA MVULANA WA MIAKA KUMI NA SABA ASIYEJUA WOGA. MVULANA HUYO NDIYE ANAYEKUSIMULIA SASA.

Waliokuwepo siku ile ni wawili tu, mimi na mama yako. Chui simhesabu. Kwa hiyo nahitaji sahihi ya mama yako, basi, kitu kidogo. Fomu ninaituma ndani ya barua hii. Nimeikunja kitaalamu isichoke njiani. Usiikunjue. Pale palipobaki wazi ndipo pa kuweka sahihi. Akiuliza, mwambie ni karatasi ya salamu.

Mjomba wako, Mwenyekiti, Mwanzilishi na Msimulizi Mkuu

*

Mjini
3 Machi

Shikamoo Mjomba,

Najua ulishaitikia, lakini Mama amenifundisha kuamkia mwenyewe.

Sisi hatujambo. Kazi ya pale kwenye kumbukumbu inaendelea, faili zinaingia, vumbi nalo linaingia. Mama yupo, anasumbuliwa kidogo na macho. Mwambie mke wa Mjomba nimelisikia goti.

Mjomba, mimi ni karani wa kumbukumbu. Kukunjua karatasi ndiyo kazi inayonilisha. Nimeikunjua. Nimemsomea Mama kila neno, pamoja na yule mvulana asiyejua woga. Mama alikuwa anamenya viazi. Akaendelea kumenya viazi.

Baadaye akasema mambo matatu niyaandike kama yalivyo. La kwanza, mchi ulikuwa wake. La pili, ufunguo wa nyumba ya mizani karani wa kiwanda alimkabidhi yeye, wala si wewe, na rafu ya kwanza aliipigilia yeye. La tatu, miaka kumi na miwili iliyopita, siku ulipoipigilia kadi ile, alikuambia hatakanyaga pale mpaka ibadilishwe, na yeye hajabadilika. Ataweka sahihi siku kadi itakaposema kila mtu alikuwa wapi chui alipoingia.

Sasa na mimi nataka kujua. Ulikuwa wapi, Mjomba?

Fomu nairudisha, haijasainiwa. Nimeinyoosha vizuri.

Mpwa wako

*

Nyumba ya Mizani
20 Machi

Mpwa wangu mwenye macho ya mwewe,

Salamu nyingi. Goti limepona, sasa limehamia upande wa pili. Mke wangu ameanza kufuga bata, na bata mmoja ana akili kiasi kwamba Mwalimu ameacha kupita kwetu.

Umeniuliza swali nami nitalijibu, ila kwanza uelewe historia, maana ninyi watu wa faili mnasoma majina ya juu tu.

Ni kweli karani wa mizani, mzee mmoja mkali, kalamu sikioni na mbwa wake mweupe miguuni, alimpa ufunguo mama yako. Alimpa kwa sababu mimi sikuwepo. Ningekuwepo angenipa mimi, tena angepiga magoti. Kiwanda kilikuwa kimefungwa, wafanyakazi wametawanyika, mizani ikabaki peke yake kama mjane. Mama yako akaweka rafu moja. Juu yake akaweka mchi, taa ya chemli na redio isiyo na matumbo. Watu wakaja kuchungulia. Akaja wa kwanza akasema, "Lo, hii taa mimi niliitupa mwaka jana!" Akaja wa pili, "Na mimi ninayo kama hii, nyie mnazitaka?" Hivyo ndivyo ilivyoanza, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama mlangoni nikiwaambia watu karibu. Bila karibu hakuna makumbusho.

Halafu ikaja sheria ya benchi. Hakuna kitu kinachoingia kwetu mpaka aliyekileta akae kwenye benchi, asimulie, kisha akitumie mbele yetu. Aliyeleta jembe la kukokotwa na ng'ombe alilima uwanja wote wa mbele. Mpaka leo hatuna pa kuegesha baiskeli. Mama mmoja alileta pasi ya mkaa, akatunyooshea mashati tuliyovaa, tukiwa ndani yake. Aliyeleta koleo la kung'olea meno alikaa siku nne akisubiri mtu ajitolee. Siku ya tano nilijitolea mimi. Jino langu ndilo namba tisini na sita, lipo kwenye kichupa.

Mwaka wa sita upepo ukaondoka na bati zote. Kila nyumba ikatoa bati moja, ndiyo maana paa letu lina rangi saba, na mvua ikinyesha kila rangi ina sauti yake. Mwaka wa kumi na tano tukavunja ukuta wa ghala, tukapata chumba cha pili, Muuguzi akajaza sindano zake za kuchemsha na mizani ya watoto yenye beseni. Nusu ya kijiji walipimwa ndani ya beseni lile. Sasa vyumba ni vitatu. Ukija hutapatambua.

Na kuna kuazimana. Hilo nakiri ni la mama yako, maana sipendi kumpunja mtu. Alisema vitu hivi ni vya watu, na mtu akikihitaji kitu chake aje akichukue, akitumie, akirudishe. Akafungua daftari: kitu, mwazimaji, sababu, siku ya kurudisha. Daftari lipo na linatumika. Masufuria yetu makubwa yamepika harusi nyingi kuliko mpishi yeyote aliye hai.

Kuhusu chui, nimefikiria kiungwana. Tumgawane. Kadi iandikwe "mvulana na dada yake". Mama yako achukue mkia na miguu ya nyuma, mimi nibaki na kichwa. Zaidi ya hapo chui atakwisha.

Naona karatasi imejaa. Lile swali lako nitalijibu barua ijayo.

Mjomba wako, Mwenyekiti na Mwanzilishi Mwenza

*

Nyumba ya Mizani
14 Juni

Mpwa wangu,

Hujajibu. Mimi sina wasiwasi. Nimekwenda posta mara kumi na moja kwa shughuli zangu nyingine, na mama wa posta anakusalimu.

Ofisi kubwa wametuma barua ya pili. Fomu mia nne na kumi na moja zimejaa na kusainiwa. Mwalimu amezipanga kwenye boksi, juu kabisa ameacha nafasi moja tupu, na kila nikipita anaiangalia nafasi hiyo, halafu ananiangalia mimi. Mfanyabiashara wa saruji amerudi na futi yake, safari hii amepima na madirisha. Muuguzi alimpa kiti cha chumba cha pili, kile kilichovunjika mguu.

Hata tukifunga, mimi nitaishi. Nimewahi kufanya kazi nyingi. Ila Fundi Baiskeli jana alikaa kwenye benchi nusu saa, hana kitu mkononi cha kutuonyesha. Amekaa tu. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Nalitumia benchi, kabla halijaondoka."

Kama mama yako hakupenda mgawanyo, naongeza mguu mmoja wa mbele.

Yupo mzima lakini? Niandikie hata mstari.

Mjomba wako

*

Mjini
29 Juni

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Mama alifanyiwa upasuaji wa macho, yote mawili, kwa zamu. Hakutaka nikuandikie. Alisema ukijua utakuja, na ukija utawasimulia madaktari jinsi ya kupasua. Sasa anaendelea vizuri, ila bandeji ilikaa muda na hata sasa haruhusiwi kusoma.

Jambo lingine nikuambie ukweli. Barua zako zote namsomea kwa sauti. Yeye ndiye anayeuliza, "Leo posta hakuna kitu?" Ile ya jino namba tisini na sita nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu daktari alinikataza, anasema kicheko kinavuta nyuzi.

Mgawanyo wa chui ameukataa, pamoja na mguu wa mbele uliouongeza. Anasema chui hakatwi vipande, ana mwenyewe. Anarudia swali lilelile na mimi narudia nyuma yake: ulikuwa wapi?

Nilipofika kwa Fundi Baiskeli na benchi lake Mama aliniambia nisome tena, polepole.

Mpwa wako

*

Nyumba ya Mizani
18 Agosti

Mpwa wangu, na wewe unayesikiliza hapo pembeni,

Pole sana dada. Ungeniambia ningekuja na ningekaa kimya. Ninaweza. Nilikaa kimya mwaka mmoja, robo saa nzima.

Mke wangu amekutumia bata mmoja kwa salamu, yaani anakusalimu bata, hajamtuma kweli.

Sasa sikieni. Mkaguzi wa ofisi kubwa amekuja! Mama mmoja mwembamba, miwani ya kusomea puani, ya jua kichwani, na begi limejaa kalamu. Hakutoa taarifa. Alikuja Jumamosi, siku ambayo Fundi Cherehani anamwoza binti yake. Mpwa wangu, akafungua mlango akakuta rafu za mbele tupu! Kadi zimening'inia, vitu hakuna. Masufuria hayapo, mabenchi hayapo, pasi ya mkaa haipo, taa, mitungi, mikeka, hata kengele ya kiwanda imekwenda. Vitu mia na sitini na tatu viko nje. Kilichobaki ni mchi wangu, jino langu na vidude visivyofaa harusini, kama sindano za Muuguzi.

Akauliza, "Makumbusho yako wapi?"

Nikamjibu, "Yamekwenda harusini, mama. Yatarudi Jumanne."

Uso wake ulibadilika rangi kama paa letu. Mwalimu akatoa leso akajifuta shingo. Nilimwona yule wa saruji amesimama ng'ambo ya barabara, anakunjua futi.

Hapo mimi nikafanya jambo la akili kuliko yote niliyowahi kufanya, nayo ni mengi. Nikamkabidhi daftari la kuazima. Nikasema, "Twende, tuhesabu." Akaanza mstari kwa mstari, nyumba kwa nyumba, sisi nyuma yake. Pasi akaikuta ina moto, iko juu ya suruali ya bwana harusi, na bwana harusi amejificha nyuma ya mlango akisubiri suruali. Akaweka alama. Masufuria akayakuta jikoni, akainama kutafuta namba, wapishi wanampigia kelele, "Mama, toa kichwa kwenye mchuzi!" Akaweka alama. Kengele ya kiwanda ameishika mdogo wake bibi harusi, anaigonga kila wageni wakiingia. Alama. Mwisho njaa ikamshika, akapewa chakula, akakigeuza chombo juu chini kabla hakijapakuliwa: bakuli namba mia mbili na nane. Akacheka peke yake. Akaweka alama na akala.

Hesabu ikatoka mia na sitini na tatu, hakikupungua hata kijiko. Akavua miwani akasema amekagua nyumba zenye walinzi, kufuli na vioo, na hajawahi kukuta kila kitu kipo. Akasema kuazimana kuendelee, bora daftari liendelee kuandikwa vile, na akauliza, "Huu utaratibu aliuanzisha nani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo, mpwa wangu. Mwalimu ananiangalia, Muuguzi ananiangalia. Nikasema, "Dada yangu."

Basi, kimebaki kitu namba moja tu. Amesema tarehe ni ileile, thelathini na moja Oktoba, hasogezi hata saa.

Mjomba wako

*

Mjini
2 Septemba

Shikamoo Mjomba,

Tumecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mgeni. Mama sasa anaona vizuri, miwani yake mpya inakuja wiki ijayo.

Ana swali dogo. Mkaguzi alianza kulisoma daftari kutoka ukurasa gani? Anataka kujua hasa kama alisoma mstari wa kwanza kabisa. Nimemuuliza kuna nini kwenye mstari huo, amekataa kusema. Anatabasamu tu, akiangalia ukuta.

Mpwa wako

*

Nyumba ya Mizani
21 Septemba

Mpwa wangu,

Salamu, wazima, bata wazima, goti liache.

Ndiyo. Aliusoma.

Ukurasa ule niliugandisha miaka mingi iliyopita kwa ile gundi ya Fundi Baiskeli ya kuzibia pancha. Haubanduki kwa maji, haubanduki kwa jua. Yule mama aliubandua kwa kucha. Na hakuusoma moyoni, aliusoma kwa sauti, katikati ya uwanja wa harusi, ngoma ikiwa imenyamaza ili watu wale. Kwa kuwa utanilazimisha, nakunakilia mwandiko wa mama yako kama ulivyo:

Kitu: Mchi. Mwazimaji: Mdogo wangu. Sababu: Kujisifu. Kurudisha: Atakapochoka.

Na upande wa kulia, mahali pa kuandika "umerudishwa", pako peupe miaka ishirini na saba.

Mpwa wangu, watu walicheka. Bibi harusi alicheka mpaka akafutwa uso upya. Mpishi alikaa chini. Mkaguzi akaniuliza mbele ya wote, "Mzee, bado hujachoka?" Nikamwambia mimi ni mtu wa nguvu nyingi. Lakini nilirudi nyumbani mapema, sikuaga.

Sasa jibu lako. Nilikuwa darini.

Andika vizuri kwamba nilipanda. Wala sikupandishwa. Hakuna binadamu aliyewahi kupanda dari la jiko kwa kasi ile. Ngazi haikuwepo. Nilikanyaga kinu, nikakanyaga hewa, nikafika. Wanariadha wa leo wangeniona wangerudisha viatu. Huko juu nilishika boriti kwa mikono, miguu na meno. Chini alibaki dada yangu, ana miaka ishirini, unga mpaka kwenye viwiko, mchi mkononi. Sikusikia akipiga kelele. Alisema neno moja tu, "Toka!" Nikasikia sufuria limeanguka, nikasikia mchi umetua, nikasikia mlango. Halafu akaniambia, "Shuka, ameondoka." Nilishuka baada ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo mchi ni wake, ushujaa ni wake, rafu ni yake na daftari ni lake. Cha kwangu ni mbio za kwenda juu. Kadi nimeing'oa leo, misumari minne yote. Nyuma yake ukuta ni mweupe.

Sehemu inayofuata usimsomee mama yako. Geuka upande, soma kimoyomoyo.

Nilipokuwa darini nilifumba macho, lakini jicho moja lina kimbelembele. Nilimwona mnyama akitoka. Nilimwona mkia. Ulikuwa mweupe, mpwa wangu, mweupe kama maziwa, na umeingizwa katikati ya miguu. Kwa wiki nzima baada ya hapo mbwa wa karani wa mizani alichechemea, na mpaka anakufa hakupita tena mbele ya nyumba yetu.

Nilijua siku ileile. Lakini bibi yako alirudi kutoka shambani, mama yako akasema chui, na bibi yako, ambaye hakuwahi kumsifu binti yake hata kwa bahati mbaya, alimshika mikono yote miwili yenye unga akamwita shujaa. Nikatazama uso wa dada yangu. Ningeanzia wapi kusema mbwa?

Baadaye yeye hakuisimulia tena, na hadithi nzuri hivyo ikawa inakaa bure. Nikaiazima. Nikazidisha muda.

Hapa unaweza kuendelea kwa sauti.

Nimeandika kadi mpya. Inasema: MCHI. DADA YANGU ALIUTUMIA KUMFUKUZA MNYAMA MKUBWA MWENYE MKIA. MIMI NILIKUWA DARINI. Fomu imo ndani, na safari hii sikuikunja. Anaweza kusoma mwenyewe.

Mdogo wake

*

Mjini
6 Oktoba

Shikamoo Mjomba,

Unapoandika "usimsomee", andika mwanzoni mwa ukurasa. Nilikuwa nimeshazoea sauti, nikapita juu ya maneno hayo nikafika kwenye mkia ndipo nikajisikia. Nikaikunja barua. Mama akasema, "Endelea." Nikaendelea mpaka kwa bibi na mikono yenye unga.

Alivua miwani mpya akaifuta, ingawa haikuwa chafu. Kisha akasema, "Alikuwa amefumba macho huyo. Ataona nini?" Kuhusu rangi ya mkia hakusema lolote. Nilipomuuliza huyo chui alikuwa na ukubwa gani, alidai jicho linamuuma.

Fomu ameisoma mwenyewe kutoka juu hadi chini. Hakuweka sahihi. Ameniomba begi lake la safari.

Anakuja nayo, Mjomba. Atafika tarehe ishirini na nane. Anasema usiende kumpokea, njia anaijua.

Mpwa wako

*

Nyumba ya Mizani
1 Novemba

Mpwa wangu mpenzi,

Salamu kutoka kwenye makumbusho namba mbili kwa ubora katika nchi hii. Namba moja ni ipi sijajua, naiachia heshima tu.

Mama yako alifika tarehe ishirini na nane, akashuka, begi mkononi, akapita nyumbani kwangu bila kugeuza shingo, akaenda moja kwa moja nyumba ya mizani. Sisi wote watano tulikuwa tumejipanga mlangoni, nimevaa shati lililonyooshwa na pasi namba ishirini na tatu. Nikamwamkia. Akaitikia. Akatazama paa, akahesabu rangi kwa kidole, akasema, "Ile ya kijani ni bati langu." Akaingia.

Akasoma kadi yangu mpya. Akaisoma tena. Nikasubiri aniambie habari ya mkia. Akasema tu, "Hapa kwenye darini ungeongeza 'kwa kasi', ni haki yako." Muuguzi akalazimika kwenda kuangalia sindano zake.

Akatoa fomu kwenye begi akaweka sahihi juu ya meza ya mizani, nami nikaweka yangu chini ya yake. Mwalimu akaiingiza kwenye ile nafasi juu ya boksi. Fundi Baiskeli akalifunga boksi kwenye keria akaondoka nalo kwa kasi ambayo, nakiri, imekaribia ile yangu. Lilipokelewa tarehe ishirini na tisa saa nne asubuhi. Yule wa saruji alikuja jioni kuuliza, akaulizwa kama angependa kuchangia kitu. Ametoa futi yake. Alikaa kwenye benchi, akaitumia mbele yetu: akapima mlango kwa mara ya mwisho. Ni namba mia nne na kumi na tatu.

Lakini ngoja nikuambie la mwisho. Mama yako aliomba daftari la kuazima. Akafungua ukurasa wa kwanza, bado una ukakasi wa gundi, na pale pembeni palipokuwa peupe akaandika: Umerudishwa. Una mikwaruzo. Akaweka tarehe. Mpwa wangu, sikujua kwamba mkono wangu ulikuwa mzito miaka yote hii mpaka nilipousikia umekuwa mwepesi.

Nikadhani ataurudisha mchi kwenye rafu. Akauweka begani, akatoka nao nje! Tangu juzi anazunguka nao. Ameanza kwa Fundi Cherehani, akaenda kwa wapishi, jana alikuwa posta, na leo asubuhi ameketi kwenye benchi letu wenyewe mbele ya wageni kumi na wanne. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Chui ameongezeka. Sasa ana meno yanayopita kidevu na alivunja dirisha, na jiko letu halikuwahi kuwa na dirisha. Mgeni mmoja akanigeukia akauliza, "Mzee, ni kweli?"

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa darini, lakini mkia niliuona. Ulikuwa na madoa."

Dada akanitazama. Nikaenda kuchukua daftari, nikajaza mstari mpya kwa mwandiko wangu bora, nao nakunakilia hapa usije ukasema mjomba wako haweki kumbukumbu:

Kitu: Mchi. Mwazimaji: Dada yangu. Sababu: Kujisifu. Kurudisha: Asiwe na haraka.

Mjomba wako, Shahidi wa Pili